Mkono wa Ambilikile

Ukungu ulipanda kutoka bondeni ukaifunika Kitulo yote, majani na maua yake, hata Tusekile hakuyaona tena masikio ya farasi aliyempanda. Hakushtuka. Alilegeza hatamu, akafumba macho, maana kwenye ukungu wa namna ile macho humsumbua mtu bure, akaiacha ardhi imjie kupitia kwenye kwato.

Ikamjia. Kiraka kilichobandikwa ukosini mwake kilipata joto kidogo, naye akaanza kuzihisi kwato nne za Pareto kana kwamba ni viganja vyake mwenyewe. Hapa nyasi zimelowa. Hapa changarawe. Hapa jiwe limelegea, na Pareto amelikwepa kabla hajaambiwa. Nyuma ya tandiko walibeba sanduku la chanjo na dawa za kisukari za watu wa vijiji vya chini. Barabara ya magari ya kushuka huko ilikuwa imemezwa na maporomoko mara nyingi mpaka serikali ikachoka kuichimba, na ndege zisizo na rubani zilizoletwa badala yake, upepo wa Kitulo ulizibamiza kwenye miamba moja baada ya nyingine. Ndipo wakaletwa farasi, na ndani ya farasi wakatiwa wafumaji, vijidudu visivyoonekana kwa macho.

Walipolikaribia Genge la Nyalusi, kile kijia chembamba kilichochongwa kwenye ukuta wa mlima, Tusekile alijiweka sawa kwenye tandiko. Moyo ulimwenda mbio, na si kwa kuliogopa genge.

Upande wa kushoto ukaja mkono.

Haukuwa mkono wake. Yake yote miwili ilikuwa imetulia mapajani. Huu ulizivuta hatamu taratibu, kama mtu anavyomzuia mtoto asikimbilie barabarani, na Pareto akapunguza mwendo, akalisogeza bega karibu na ukuta wa mlima. Kisha kidole cha mwisho kikamkuna farasi kwenye mzizi wa manyoya ya shingo. Kilikuna kivivu, kama kidole cha mtu ambaye mawazo yake yako mbali.

"Upo," Tusekile alisema, na sauti yake ikamezwa na ukungu.

Mumewe, Ambilikile Tweve, alikuwa amezikwa masika mawili yaliyopita. Yeye ndiye aliyeifungua njia ile akiwa na Pareto, na ndiye aliyeipita mpaka siku mwamba ulipoporomoka. Siku hiyo alikuwa anatembea kwa miguu, kwa sababu tandiko alimwachia mwanamke aliyeshikwa na uchungu wa kujifungua. Farasi aliendelea peke yake, akamfikisha yule mama hospitali salama. Ambilikile aliletwa kesho yake kwenye machela. Baada ya arobaini Tusekile aliichukua njia ya mumewe na farasi wa mumewe, na watu wakamsifu kwamba ana roho ya simba. Hakuwaambia kwamba siku kukiwa kweupe kulikuwa na njia fupi ya kurudi, ya upande wa mabwawa, naye hakuwahi kurudi nayo hata siku moja.

Walikuwa katikati ya genge ukwato wa nyuma wa kushoto ulipotoweka.

Hakujua alieleze vipi jambo hilo baadaye, hata kwa daktari. Palipokuwa na ukwato pakawa hapana kitu. Hapakuwa na maumivu wala baridi, palikuwa na shimo tu, kama mtu anapopapasa gizani ngazi ya mwisho na ngazi haipo. Matako ya farasi yakayumba kuelekea bondeni. Tusekile alijitupa kwa uzito wake wote upande wa mlima, goti lake likachubuka kwenye jiwe, Pareto akahema kwa nguvu, akasimama akitetemeka. Mawe waliyoyasukuma yalianguka chini kwa muda mrefu.

Alishuka. Akamshika farasi lijamu, akaupapasa ukuta wa mlima kwa mkono wa pili, wakaenda hivyo, hatua kwa hatua, mpaka genge likaisha.

*

Daktari Chaula wa mifugo alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyeilaumu baridi ya Kitulo kila alipopanda na aliyepanda kila alipoitwa. Alifika kwenye kituo cha farasi siku iliyofuata na makoti mawili mwilini. Hakufungua mkoba wake.

"Mtembeze polepole, dada Tusekile. Mzungushe uwanjani."

Tusekile alimtembeza. Daktari alifuata nyuma, akaukamata mkia wa Pareto, akauvuta upande. Farasi mzima hujivuta arudi kwenye mstari wake. Pareto alifuata mkia kama mlevi wa ulanzi anavyofuata ukuta. Daktari akauinua mguu wa mbele, akaupitisha mbele ya mwenzake, akauachia hapo. Farasi akabaki amesimama miguu imepishana, kana kwamba ile miguu ni ya mnyama mwingine na yeye amepewa kuitunza tu. Mwisho daktari aliweka viganja viwili juu ya matako ya farasi, kimoja kila upande, na Tusekile akaona kilichokuwa mbele ya macho yake siku zote asikione: upande wa kushoto nyama ilikuwa imebonyea.

"Hili halikuanza jana," alisema daktari.

"Alikuwa anajikwaa kidogo. Nikasema ni uzee."

Alisema hivyo na uso ukamwaka moto. Ukweli ni kwamba hakuwahi kusema ni uzee. Hakusema neno lolote, kwa kuwa alijua akisema, Pareto atapumzishwa.

Daktari alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Unajua wafumaji walitoka wapi?"

"Maabara."

"Kabla ya maabara walikuwa ugonjwa. Ni kimelea cha chembe moja, kidogo mno, kundi zima linatosha kwenye ncha ya sindano. Kinaingia kwenye uti wa mgongo wa farasi, hata kwa wanyama wengine, kinakula mishipa ya fahamu. Mnyama anayumba, anakonda upande mmoja, mwisho analala chini na haamki. Wataalamu wakakishangaa. Mdudu mdogo hivi, anajuaje kuipata mishipa yote bila ramani? Wakamng'oa meno. Wakamfundisha kuishi pembeni ya mshipa bila kuula, na kupiga kelele kidogo kila ujumbe unapopita. Kiraka chako kinasikiliza hizo kelele. Ndiyo maana unahisi ardhi."

"Na Ambilikile?"

Daktari alimtazama. Si wote waliojua kuhusu ule mkono, ila yeye alijua; wapanda farasi wengine walikuwa wamemwambia habari za namna hiyo kuhusu farasi wao.

"Mpandaji akimwomba farasi jambo lile lile mara nyingi mahali pamoja, wafumaji hujazana pale, wanajijengea vifuko. Ni kama njia kwenye majani, watu wakipita sana majani hayaoti tena. Mumeo alipita miaka mingi. Pareto amebaki na njia zake." Akafikicha mikono. "Sasa wale wadudu wameota meno upya. Hapa na kwenye vituo vingine viwili. Hatujui kwa nini. Pengine walichoka kuwa wapole."

"Dawa ipo?"

"Ipo, na Pareto atapona, akiipata kabla hajalala chini. Mguu utabaki dhaifu. Lakini dawa haichagui, dada. Inawamaliza wafumaji wote, wenye meno na wasio na meno. Vifuko vitayeyuka. Na kituo kizima kitabidi kipewe, farasi wote."

Kwenye zizi la jirani, Shayiri alitoa kichwa juu ya ubao akawatazama. Alikuwa binti wa Pareto, farasi jike kijana mwenye rangi ya majani makavu, ambaye hajawahi kutiwa wafumaji wala kubeba kitu kizito kuliko blanketi. Tusekile alimtazama, kisha akajisikia akiuliza, na sauti aliyoisikia ilikuwa ya mtu mwingine.

"Vinaweza kuhamishwa?"

Daktari Chaula alimtazama Shayiri, kisha mgongo wa Pareto.

"Vinaweza. Navuta maji kidogo kwenye uti wa mgongo wa baba, naingiza kwa binti. Damu ni moja, vifuko vitashika. Lakini siwezi kuwachuja wenye meno wote. Ataugua mwaka huu, au akizeeka, au asiugue kabisa. Sijui."

"Sheria inasemaje?"

"Sheria bado haijaamka. Ikiamka itakataza." Alisimama, akajifunga koti. "Na nikuambie upande wa pili pia, usije ukasema nilikuficha. Tukiwapa dawa farasi wote, hakuna farasi atakayelijua Genge la Nyalusi kwenye ukungu. Hakuna. Wagonjwa wa kule chini watasubiri mpaka kuwe kweupe. Shayiri akichukua vifuko vya mumeo, njia inabaki wazi. Kwa hiyo si suala la mapenzi peke yake. Lipime vizuri. Kesho narudi, na farasi mzima simchomi sindano ya ugonjwa mpaka mwenye farasi aniambie kwa kinywa chake."

*

Mama Ambilikile alifika asubuhi kama alivyozoea, sweta mbili juu ya kitenge, na kikapu cha viazi kichwani. Alikuwa mwanamke mfupi aliyetembea kwa haraka, na tangu mazishi alikuwa na desturi yake. Alikuwa akiingia zizini kwa Pareto, anakaa kwenye kigoda, anabandika ukosini kiraka cha zamani cha mwanawe, na kukaa hivyo wakati farasi anakula. Hakuwahi kupanda farasi maishani mwake. Kidole kile kilimtosha, maana Ambilikile alizoea kumkuna Pareto hata wakati wa kula. Tusekile alikuwa akimwacha peke yake zizini, na alipotoka walizungumzia viazi, mvua na bei ya pareto. Kuhusu Ambilikile hawakuzungumza. Kila mmoja alikuwa na zamu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekuwa hivyo?"

Tusekile alimweleza yote, pale pale mlangoni, kabla hajashusha kikapu. Mama Ambilikile alisikiliza bila kumkatiza. Kisha akashusha kikapu.

"Basi si amhamishie huyo mdogo. Tatizo liko wapi?"

"Shayiri ni mzima, mama."

"Na mwanangu alikuwa mzima."

Tusekile alikisogeza kikapu ukutani.

"Mnyama ni mnyama," mama aliendelea, na sauti yake haikupanda. "Tunamlisha, tunamfunika blanketi, naye anatubeba. Ndivyo tulivyopatana naye. Ng'ombe tunamchinja, huyu hata hachinjwi. Pengine hataugua, daktari mwenyewe kasema. Na kule chini kuna watu, Tusekile. Wana watoto."

"Najua."

"Wewe bado kijana. Utaolewa, na sitakuwekea kinyongo, nitakuja kwenye harusi nile na nicheze. Utampata mume mwingine." Akakisogeza kigoda chake karibu na farasi. "Mimi nitamzaa nani tena?"

Tusekile alitoka nje akasimama kwenye upepo. Kilichomuuma hakikuwa kwamba mama amekosea. Kilichomuuma ni kwamba usiku kucha alikuwa ameyasema maneno yale yale kitandani, na kwa ufundi zaidi. Alikuwa amejiambia habari za wagonjwa. Amejiambia habari za njia. Moyoni mwake alikuwa amekwisha kumshika Shayiri shingo na kumsogezea daktari mgongo wa mnyama auchome sindano, na Shayiri, ambaye humfuata yeyote mwenye karoti, alikuwa amekubali.

Angeweza kusubiri daktari. Angemwambia "mhamishie", neno moja tu, na wiki ijayo angeshuka Genge la Nyalusi na kungoja upande wa kushoto.

Ndani ya zizi kitu kizito kilianguka. Kisha ikaja sauti ya mama, sauti ambayo Tusekile aliisikia mara moja tu, siku ile ya machela.

Alikimbia. Pareto alikuwa amepiga magoti ya nyuma, ubavu wake umeegemea mbao, miguu ya mbele ikikwaruza sakafu. Mama Ambilikile alikuwa bado juu ya kigoda, kiraka ukosini, ameng'ang'ania paja lake mwenyewe la kushoto kwa mikono miwili.

"Hana mguu! Tusekile, hana mguu huyu! Anautafuta haupo!"

"Kivue, mama! Kivue kiraka!"

Mama hakukivua. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakitazama kitu. Na Tusekile, aliyepaswa kukimbilia kamba, aliyepaswa kumwita mlinzi wa kituo, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake na kuuliza jambo ambalo aliliona aibu hata lilipokuwa linamtoka.

"Yupo? Ambilikile yupo?"

"Yupo." Machozi yalikuwa yanamshuka mama. "Yupo, anamkuna. Anamkuna tu, kama hakuna kitu kilichotokea. Lakini huyu anaogopa, mwanangu. Anaogopa mno. Amekatika mguu, na kuna mtu anamgusa shingoni, akigeuka haoni mtu. Mungu wangu. Siku zote hizi nimekaa hapa, sikuwahi kumsikia mwenye nyumba."

Tusekile alitoka mbio, akamwita mlinzi.

Mlinzi alikuja, na Daktari Chaula, ambaye alikuwa anapanda kilima kwa miguu kutoka pale gari lilipomshusha, alisikia kelele akakimbia na makoti yake yote mawili. Walipitisha mikanda chini ya tumbo la Pareto, wakaifunga kwenye boriti, wakavuta wanne. Farasi alisimama. Alitokwa jasho kama aliyenyeshewa, na kichwa kilining'inia. Shayiri alikuwa amepitisha shingo yake juu ya ubao akiinusa ya baba yake, pale chini ya manyoya, pale penye kidole.

Mama Ambilikile alimtazama huyo Shayiri kwa muda.

"Sema neno, mama," Tusekile alimwomba. "Sema wewe."

"Hapana. Niliyokuwa nayo niliyasema asubuhi. Siyarudii wala siyafuti. Farasi ni wako, na mume alikuwa wako."

Daktari alisubiri. Hakumtazama usoni, na Tusekile alimshukuru kwa hilo miaka mingi baadaye.

Alifikiri juu ya watu wa chini. Kulikuwa na mzee mmoja, Mzee Mbogela, aliyekuwa akimpokea kila wiki kwenye kilima cha kanisa, ameshika fimbo, akiulizia dawa yake ya sukari kabla hajaulizia habari za nyumbani. Alifikiri juu ya ukungu. Alitafuta njia ambayo haitamdhuru mtu yeyote wala mnyama yeyote, akaitafuta kwa haki, kama mtu anavyotafuta ufunguo kwenye mifuko yote, na haikuwepo.

"Mpe Pareto dawa," alisema. "Shayiri mwache alivyo."

Daktari aliinamia mkoba wake. Mama Ambilikile alikivua kiraka taratibu, akakifuta kwa ncha ya kitenge, akamnyooshea Tusekile.

"Chukua. Dawa itachukua muda kidogo kushika. Wewe ndiye mkewe."

Farasi husikika kwenye kiraka kimoja tu kwa wakati. Wote wawili walilijua hilo. Ndiyo sababu walikuwa na zamu. Mkono wa Tusekile ulitoka wenyewe ukakishika kile kiraka, kikiwa bado na joto la shingo ya mama. Alitamani kukibandika kuliko alivyowahi kutamani chakula. Alitamani wasaa ule mdogo, kidole kile kimoja shingoni, hata kama hakikuwa na maana yoyote, hata kama kilikuwa njia ya majani tu.

Akazunguka nyuma ya mama mkwe wake, akazisogeza nywele zake za mvi, akakibandika.

"Wewe ndiwe uliyempokea duniani, mama. Msindikize."

Sindano iliingia shingoni mwa Pareto. Mama Ambilikile alikaa kigodani, mgongo umenyooka, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekaa kanisani. Tusekile alisimama upande wa pili akaweka kiganja kitupu ubavuni mwa Pareto. Hakusikia mtu. Alisikia nywele zilizolowa, na chini yake joto, na chini ya joto moyo mkubwa wa mnyama ukienda kwa shida zake mwenyewe. Aliutazama uso wa mama kama mtu anavyotazama dirisha la nyumba ambamo taa bado inawaka.

Jua lilipokuwa linapita juu ya paa, mama alikivua kiraka. Alikiweka sakafuni, akasimama, akachukua kikapu chake cha viazi, akaenda nyumbani bila kuaga. Tusekile hakumwuliza kitu.

*

Pareto alipona. Aliburuta kidogo ukwato wa nyuma, na hakupelekwa tena kwenye genge. Alivuta mkokoteni wa majani kati ya kituo na malisho, akazeeka kwa kunenepa. Siku za kwanza hakumjua Tusekile vizuri. Alimnusa mikono kana kwamba wamekutana sokoni.

Daktari Chaula alikuwa amesema kweli. Kituo kizima kilipewa dawa, na Kitulo ikarudi kuwa mlima. Tusekile alianza kumfundisha Shayiri lile genge kwa namna ya watu wa zamani, kwa kamba na kwa miguu, yeye mbele, farasi nyuma, siku kukiwa kweupe. Alimwonyesha kila jiwe. Shayiri aliogopa pa kuogopa na akaogopa pasipo na cha kuogopa, na ilimbidi Tusekile ajifunze kuzitofautisha hofu hizo mbili kwa kutazama masikio tu. Ukungu uliposhuka walirudi.

Mwezi wa Julai ukungu ulishuka ukakaa. Ulikaa mpaka kuku wakawa wanalala mchana. Ulipoinuka, Tusekile alishuka na Shayiri nusu wakikimbia, na kwenye kilima cha kanisa hapakuwa na mtu mwenye fimbo. Mzee Mbogela alikuwa amezikwa juzi yake. Wanawe walimpokea vizuri, wakampa maji ya kunywa na mahindi ya kuchoma, wakamwambia ni mipango ya Mungu. Hakuna aliyemlaumu. Alipanda Genge la Nyalusi akilia kwa sauti, kwa maana hapakuwa na wa kumsikia isipokuwa farasi, na alipofika pale mkono ulipokuwa ukija alisimama, akageukia kushoto, akangoja kwa mazoea. Upepo ulivuma. Shayiri alichukua nafasi hiyo kula majani yaliyoota kwenye ufa wa mwamba.

Jioni hiyo hakwenda nyumbani kwake. Alikwenda kwa Mama Ambilikile, akamkuta jikoni anamenya viazi kando ya moto, akachukua kisu cha pili bila kuambiwa, akaketi. Alimweleza habari za Mzee Mbogela. Mama alisema, "Pole, mwanangu," wala hakumkumbusha yale aliyoyasema asubuhi ya siku ile. Walimenya kwa muda.

"Mama. Siku ile, mwishoni. Ulisikia nini?"

"Kilikuna," alisema mama. "Halafu hakikukuna tena."

"Basi?"

"Basi. Ulitaka akuage? Hata akiwa hai hakujua kuaga. Ulikuwa ukigeuka tu, mtu hayupo."

Tusekile alicheka kidogo kwa uchungu, maana ilikuwa kweli, na machozi yakamdondokea kwenye viazi. Mama Ambilikile alimwacha alie. Alitupa kiazi kwenye maji, akachukua kingine, akakigeuzageuza mkononi akitafuta pa kuanzia kumenya.

"Unajua alikuwa anaogopa mbuzi?"

"Nani?"

"Mumeo."

"Ambilikile? Mbuzi?"

"Mbuzi. Tulikuwa na beberu mmoja wa jirani, hana hata pembe za maana. Mwanangu akimwona anapanda kwenye kichanja cha mahindi, anakaa huko, anaimba nyimbo za kanisa kwa sauti kubwa ili yule mbuzi aondoke. Baba yake alikuwa akirudi shambani anasikia mtu anaimba kichanjani, anajua kumekucha."

Tusekile aliweka kisu chini. Masika mawili mazima alikuwa amempanda Pareto kumfuata Ambilikile, na katika masika yote mawili Ambilikile hakumwambia jambo moja ambalo hakulijua.

"Wimbo gani?" aliuliza.

Mama Ambilikile alijaribu kuukumbuka, akashindwa, akaanza mwingine, akaukatiza, akaanza tena.